Kijana wangu anabeba kosa ambalo nusu yake ni langu

BARUA

Shikamoo dada,

Nina miaka 34. Ni kiongozi wa timu ya watengeneza programu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Mfumo wetu unatumiwa na SACCOS kutunza akiba na mikopo ya wanachama. Timu yangu ina watu sita, na mdogo kuliko wote ni kijana wa miaka 24 niliyemfanyia usaili mimi mwenyewe. Ana mwaka mmoja na miezi miwili kazini.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliopita nilikuwa Tabata kwenye sendofu ya mdogo wangu. Saa mbili usiku kijana akanipigia. SACCOS moja ilikuwa na miamala iliyoingia mara mbili, na mhasibu wao alitaka hesabu zikae sawa kabla ya asubuhi. Kijana alikuwa ameshaandika skripti, yaani amri zilizoandikwa pamoja, ya kuondoa ile iliyojirudia, ameijaribu kwenye seva ya majaribio, imekubali. Kilichobaki kilikuwa kuiendesha kwenye mfumo ulio hewani, ule unaotumiwa na wateja. Kwa utaratibu wetu, nywila ya kanzidata (ghala la data la mfumo) iliyo hewani tunayo watu wawili tu. Mmoja ni mimi. Mwingine siku hiyo alikuwa kwenye basi, njiani kwenda Mbeya, na simu yake haipatikani. Sikuwa na kompyuta, na MC alikuwa anaita ndugu wa binti waje mbele kukata keki. Nikamtumia kijana nywila kwa WhatsApp. Nikamwandikia: "Endesha, ukimaliza nijulishe." Kwenye picha ya keki nimeshika simu, natazama chini.

Skripti ilifanya kazi vizuri. Balaa lilikuja baadaye. Saa tatu na robo alitaka kusafisha seva ya majaribio ili airudie kazi yake na kuihakiki. Alikuwa na madirisha mawili meusi ya kuandikia amri kwenye kioo, yamefanana kama mapacha, moja la majaribio na jingine lililo hewani. Akaandika amri ya kufuta kwenye lile ambalo si lenyewe. Miamala ya SACCOS zote kumi na moja ikafutika. Tulipokimbilia bakapu, yaani nakala za akiba za data, tukakuta nzima ya mwisho ni ya siku tisa nyuma, kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Niliomba diski iongezwe mara mbili kwa barua pepe, mwezi wa pili na mwezi wa nne. Nikajibiwa nisubiri bajeti.

Tulikaa siku nne tukiingiza miamala upya kutoka kwenye risiti na taarifa za malipo ya simu. Katika hekaheka hiyo wanachama kadhaa walitoa fedha ambazo hawakuwa nazo tena, na kampuni imelipa shilingi milioni 14. SACCOS moja imesema mkataba ukiisha inaondoka.

Jumatatu tukaitwa kwenye kikao. Mkurugenzi akauliza, "Nani kafanya hivi?" Kijana akasimama kabla hata sijameza mate. "Ni mimi." Akaulizwa nywila ameipata wapi. Akatazama meza. Akasema, "Nilikuwa nayo." Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Sikusema kitu. Sijui kwa nini sikusema kitu. Dakika ile ikapita, nyingine ikapita, kikao kikafungwa, na mpaka tunatoka mle ndani ilikuwa imeshaaminika kwamba aliichukua nywila kwa siri.

Sasa amepewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi ijayo. Mimi ndiye niliyeagizwa kuandika ripoti ya tukio na kutoa maelezo kama msimamizi wake. Bosi wangu alinishika bega kwenye korido akaniambia, "Andika vizuri. Hili likiisha tunakutangaza." Anamaanisha cheo cha mkuu wa idara, ambacho nimekisubiri miaka mitatu. Dada, nina mkopo benki. Nina watoto wawili. Nyumba yetu Kivule imefika kwenye lenta na imesimama hapo tangu mwaka jana.

Mume wangu anasema ninyamaze, kijana hana familia, atapata kazi nyingine. Nimeshaongea kimyakimya na rafiki yangu mwenye kampuni yake, yuko tayari kumchukua. Nilipanga niandike kwa kifupi tu kwamba "mfanyakazi alitumia nywila asiyoruhusiwa kuwa nayo", kijana aondoke kwa amani, apate pa kwenda, maisha yaendelee.

Lakini juzi alinitumia ujumbe: "Pole na majukumu dada. Usiwe na wasiwasi na mimi." Nilijifungia chooni ofisini nikalia mpaka mtu akagonga mlango.

Niseme au ninyamaze?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Barua yako imefika Jumamosi, Alhamisi iko mlangoni, ndiyo maana nimeitanguliza mbele ya nyingine.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Ulivunja utaratibu mmoja, kwa nia njema, ukiwa kwenye shughuli ya nyumbani ambayo mtu haipati mara mbili. Kijana akafanya kosa jingine, lake, saa moja baadaye. Kampuni ilikuwa na tatu lake linalongoja, la bakapu. Yakakutana usiku mmoja. Kikaoni likatajwa moja tu kati ya matatu, na mwenye nalo akasimama. Tangu hapo unabeba aibu ya kunyamaza, na nikiisoma barua yako naona aibu hiyo inakuuma kuliko ile nywila.

Naielewa. Nimetengeneza mifumo ya benki miaka mingi kabla sijaanza kuandika hapa. Mwaka wangu wa pili kazini niliendesha amri ya kurekebisha tarehe za mikopo, nikasahau kuweka sharti la tawi moja. Ikarekebisha matawi yote. Nakumbuka kioo kilivyoniandikia idadi ya mistari iliyobadilika, na tarakimu zilivyokuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na baridi iliyonipanda kuanzia miguuni. Mkuu wangu alikuja akavuta kiti. Hakuniuliza kwa nini nimefanya vile. Aliniuliza, "Kabla hujabonyeza, ulikuwa unaona nini kwenye kioo?" Nikamwonyesha. Tukakuta kwamba chombo kile kilikuwa kinaficha mstari wa mwisho wa amri ikiwa ndefu, na sharti la tawi huwa ndilo la mwisho. Watu watatu kabla yangu walikuwa wameshanusurika kwenye shimo hilohilo wakakaa kimya kwa hofu. Hadi leo swali lile ndilo ninalolikumbuka ninapofikiria maana ya kuwa bosi.

Sasa kwa ruhusa yako niulize mambo machache, taratibu.

Umeniuliza useme au unyamaze. Nimelisoma swali hilo mara kadhaa, na kila nikilisoma naona njia ya pili haipo tena. Kunyamaza kulikuwepo Jumatatu. Alhamisi hutanyamaza, umeagizwa kuandika na kutoa maelezo. Kwa hiyo utasema tu. Kinachobaki ni utasema nini. Na ile sentensi uliyokusudia, "alitumia nywila asiyoruhusiwa kuwa nayo", nakuomba uitoe kwenye barua uiweke peke yake kwenye karatasi, uitazame kama angeiandika mtu mwingine.

Kufuta kwenye dirisha lisilo lenyewe ni uzembe. Mtu anaweza kuonywa kwa uzembe, akajifunza, akabaki. Kutumia nywila aliyoiiba ni jambo la jamii nyingine kabisa: linagusa uaminifu. Hapo kamati haiamui tena kama kijana alikuwa makini, inaamua kama ni mwizi. Tena haliishii kwenye kamati. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai chini yake, kama ilivyo kuharibu data bila ruhusa. SACCOS ile yenye hasira ikiomba nakala ya ripoti, ikamkabidhi mwanasheria wake, sentensi yako fupi inaweza kusomwa polisi. Najua hukuwaza huko. Uliwaza kumrahisishia njia ya kutoka. Lakini karatasi ikishasainiwa haiendi kwa nia ya aliyeiandika.

Na rafiki yako mwenye kampuni, siku akiipata habari kwamba aliyemwajiri aliondoka kwa kosa la nywila ya wizi, atamkabidhi mfumo wake?

Jambo la pili ni ule ujumbe wa kijana. Wewe umeusoma kama msamaha, au kama ruhusa. Huenda ni hivyo. Huenda pia ni kijana wa miaka 24 anayemwogopa dada aliyemwajiri, ambaye kwao amefundishwa kwamba mkubwa hatajwi mbele za watu, anayetumaini kwamba ukiuona utajua la kufanya bila yeye kukuomba. Kwa heshima zetu, mdogo hamwambii mkubwa "niokoe". Humwambia "usiwe na wasiwasi". Sijui ipi ndiyo kweli. Lakini wewe pia hujui, na umeanza kupanga maisha yake juu ya maana moja.

Vilevile hilo la kwamba hana familia. Shemeji yangu nasema naye kwa heshima, anawatetea wanawe na ni haki yake. Hata hivyo nikuulize: mshahara ukiingia, kijana huyu anatuma kwa nani? Vijana wengi wa umri wake niliowasimamia hawakuwa na mke wala mtoto, lakini walikuwa na ada ya mdogo wao wa kidato cha tatu na dawa za presha za mama. Kama hujui, basi hoja ya kwamba hana familia haina miguu ya kusimamia.

Upande wa pili nao usiupite. Usije ukatoka kwenye kujificha ukaingia kwenye kujitwika kila kitu. Hukumfutia kanzidata. Alikuwa na madirisha mawili, hakutazama lipi ni lipi, na hilo ni lake, naye kwa ujasiri amelikubali. Ukisimama Alhamisi ukasema "kosa lote ni langu", utakuwa umeandika ripoti nyingine isiyo kweli, na tena utakuwa umemnyima kijana kitu pekee alichokifanya vizuri wiki ile. Umesema nusu ni yako. Mimi sioni nusu. Naona nywila moja inayotumiwa na watu wawili badala ya kila mtu kuwa na yake, kwa hiyo mfumo wenyewe hauwezi kusema nani aliingia. Naona amri ya kufuta isiyouliza "una uhakika?" Naona diski iliyojaa na maombi mawili yaliyoambiwa yasubiri bajeti. Naona mwisho wa mwezi, usiku, na msimamizi aliye zamu ilhali yuko sendofu. Zamu yako nani alikupangia? Au timu yenu haina zamu, na mwenye moyo ndiye anayepigiwa?

Hii si dawa ya kukutuliza. Nataka uone kwamba ukiandika hayo yote, sehemu yako inapata mahali pake pa kawaida katikati ya mengine, wala haiwi ungamo.

Kuna tukio moja linalofanana na lenu mpaka linatisha. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengeneza programu duniani kote, alikuwa anahangaika usiku na kanzidata. Alikusudia kufuta faili kwenye seva ya akiba, akafuta kwenye seva kuu. Aligundua ndani ya sekunde chache akakatisha, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Wakakimbilia bakapu, njia moja baada ya nyingine, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi kama walivyodhani, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mtu kwa bahati kama saa sita kabla. Walieleza kila kitu hadharani, hata kazi ya kurejesha walirusha moja kwa moja YouTube watu wakitazama. Ripoti yao ya mwisho haikuweka jina la mhandisi. Na kati ya hatua walizojiandikia ilikuwamo hii: kubadilisha maandishi ya kwenye dirisha jeusi ili mtu aone wazi yuko kwenye mashine ipi. Mapacha wako wale wawili, mdogo wangu. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Februari, S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data, ilikwama kwa saa kadhaa kwa sababu mfanyakazi aliyekuwa na ruhusa kamili alikosea sehemu moja ya amri, na seva nyingi kuliko alivyokusudia zikaondolewa. Walikirekebisha chombo chenyewe, kiondoe seva polepole na kigome zikikaribia kiwango cha chini.

Sikutajii haya uende kumwambia bosi wako kwamba Wamarekani hufanya hivi. Kampuni zile zina fedha za kumeza hasara ambazo yenu haina, na mwanachama wa SACCOS aliyekuta akiba yake imepungua hana muda wa kusoma ripoti nzuri. Nimetaja kwa sababu moja: kule walijua kilichotokea dakika kwa dakika, kwa kuwa aliyekosea hakuwa na haja ya kuficha. Kwenu, mpaka leo, kampuni haijui nywila yake ilitokaje. Inajiandaa kumfukuza mtu bila kujua.

Sasa njia zilizopo. Sitakuchagulia. Mkopo ni wako, nyumba ni yako, na mimi Ijumaa sitakuwa ofisini kwenu.

Unaweza kuandika ripoti kama bosi alivyodokeza. Cheo huenda kikaja. Hatari yake nimeshaigusa, ila ongeza hili: ujumbe ule uko kwenye simu mbili. Kijana akiwa mbele ya kamati akaulizwa mara ya tatu nywila ameipata wapi, huku akiona ajira inaondoka, anaweza kufungua simu. Hatakuwa amekusaliti, atakuwa amejibu swali. Na ukitangazwa mkuu wa idara, utasimamia watu walioona. Mwenzako wa kwenye basi la Mbeya anajua hakuitoa yeye. Na kama walikuwa wawili tu, hesabu hiyo ni ya darasa la kwanza. Timu nzima itajifunza kutoka kwako la kufanya siku ikikosea, nayo itakuja kukosea.

Unaweza kumwona bosi kabla ya Alhamisi, wewe na yeye tu, ukamweleza. Hapa unaweza kupoteza cheo. Unaweza pia kupewa barua yako mwenyewe ya nidhamu, kwa sababu kutoa nywila nje ya utaratibu ni kosa kweli. Kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau: anaweza kukuambia, "Nimekusikia, lakini hilo usiliandike." Hapo utakuwa umetoka na mzigo mzito kuliko ulioingia nao. Ukiamua kwenda, nenda na ukurasa ulioandikwa tayari, wenye tarehe, umwachie. Maneno ya mdomo kwenye korido yanayeyuka.

Unaweza kuomba usiwe wewe mwandishi wa ripoti. Hili hukulitaja, na mimi nalipenda kulifikiria. Uliongea na kijana usiku ule, u sehemu ya tukio. Shahidi hawezi kuwa mpelelezi. Ukiiandikia ofisi ya rasilimali watu kwamba una sehemu katika jambo hili na ni haki likachunguzwa na mtu mwingine, umefungua mlango bila kulazimika kusimulia yote kwa pumzi moja. Lakini jiandae: swali la "sehemu gani?" litakuja siku hiyohiyo.

Au unaweza kuiandika wewe, yote, kwa saa na dakika, na kuiwasilisha kwa wote wanaohusika. Shida yake ni kwamba bosi ataona jambo la diski mbele ya mkurugenzi bila kuandaliwa, na anaweza kudhani unalipiza au unatafuta wa kugawana naye lawama. Ukichagua hii, ambatanisha barua pepe zako mbili kama zilivyo, za mwezi wa pili na wa nne, bila neno lolote la kuzipamba. Usiseme "nilipuuzwa". Tarehe zitasema.

Kuzungumza na kijana ni jambo nyeti. Moyo wako utataka kumkimbilia leo. Lakini msimamizi na mtuhumiwa wakikaa faragha siku chache kabla ya kamati, inaonekana wanapanga maneno, na itamuumiza yeye zaidi. Kama utaongea naye, sidhani panahitajika zaidi ya sentensi moja: kwamba hatakiwi kukulinda. Asikueleze atasema nini, wala usimuulize. Na anastahili kujua haki zake, ambazo zimebandikwa au zingepaswa kubandikwa ukutani kwenu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2007, anatakiwa kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao, na anaweza kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kosa la kwanza peke yake halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ithibitike kuwa ni zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauwezi kuendelea. Akiachishwa na akaona ameonewa, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Haki hizo ni zako pia, likikufika. Uzembe mkubwa nao umo kwenye orodha ya makosa mazito, kwa hiyo usimpe wala usijipe uhakika ambao sheria haiutoi. Saa moja na mwanasheria wa kazi, kabla hujasaini chochote, si gharama ya kuikwepa.

Niwageukie kidogo wakubwa wanaosoma hapa, maana najua mpo. Ukiingia kwenye kikao ukauliza "nani kafanya hivi?", utapata jina, na uchunguzi umekufa hapohapo. Mmoja kasimama, wengine watano wameshukuru Mungu, na dada mmoja ameapa moyoni kutofungua mdomo. Diski bado imejaa. Kama ungeuliza nini kilikuwa kwenye kioo, na nani alipigiwa simu, na kwa nini ilibidi apigiwe, leo ungekuwa unanunua diski badala ya kumsaka mwizi asiyekuwepo.

Nirudi kwako. Umesema hujui kwa nini hukusema kitu. Mimi nadhani unajua: uliogopa, na woga ulikuja kwa kasi kuliko maneno. Hilo halikufanyi mtu mbaya. Wengi wetu tumewahi kukaa viti viwili kutoka kwa mtu tukameza mate. Tofauti ni kwamba kwako dakika ile haijafungwa bado. Ina siku tano.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, kabla hujaamua lolote, chukua karatasi. Usiandike barua ya kuomba radhi wala utetezi. Andika saa tu, na kilichotokea, kama unavyoandika kumbukumbu za mfumo. Saa 2:10, simu kutoka kwa fulani, sababu hii. Saa 2:14, nilituma nywila kwa WhatsApp nikamwambia aendeshe. Saa 3:15, amri ya kufuta, dirisha hili. Endelea hadi Jumatatu kikaoni, na uandike pia, "Swali liliulizwa kuhusu nywila. Sikujibu." Uone mkono wako unaganda kwenye mstari upi. Kisha mwonyeshe shemeji karatasi hiyo, naye aisome kabla hajakushauri tena. Nahisi yeye amesikia habari za cheo na mkopo zaidi ya alivyosikia habari za sentensi ile.

Na tafadhali, usifute ujumbe ule wa WhatsApp, hata kama kuusoma kunakuumiza. Wala picha ya keki. Ina saa yake ndani, na kwa yeyote atakayetaka kujua ulikuwa wapi na kwa nini hukuwa na kompyuta, hiyo itamweleza.

Niandikie baada ya Alhamisi, vyovyote itakavyokuwa.